Je, Wajua? Nyonga Milioni 4 za Simiyu na Chuma Kisichohitaji Saruji

Sogea hapa kwenye benchi, kuna jambo. Je, wajua kuwa mkoa wa Simiyu una nyonga zaidi ya milioni 4? Piga hesabu mwenyewe: sensa ya 2022 ilikuta watu 2,140,497, na mtu huzaliwa na nyonga mbili. Jumla 4,280,994, kuanzia Lamadi ufukweni mwa Ziwa Victoria hadi mwisho wa Meatu! Leo tunazungumzia hizohizo: zikivunjika, zikilika, zikifa, daktari anaweka nini, na hicho anachoweka kinashikwa na nini.

Kila nyonga hukunjwa na kunyooshwa takriban mara milioni 1 kwa mwaka, kwa kutembea tu. Mkulima wa pamba wa Itilima, anayekwenda shamba na kurudi, sokoni na kurudi, kisimani na kurudi, huenda anaizidi hiyo milioni kabla ya msimu kuisha.

Unadhani nyonga inabeba uzito wako tu? Thubutu! Georg Bergmann na wenzake wa Berlin waliweka vipima mzigo ndani ya nyonga bandia, vikawa vinarusha taarifa kwa redio kutoka ndani ya paja la mtu anayetembea. Mtu wa kilo 60 akienda mwendo wa kilomita 4 kwa saa, nyonga yake inakula kama kilo 143. Mgonjwa wao mmoja alipojikwaa, kipimo kikaruka hadi mara 8.7 ya uzito wake. Kwa huyo wetu wa kilo 60, hizo ni kilo 522 kwenye nyonga moja, kwa kujikwaa tu.

Na kazi hii ya kutembea wima ina ushahidi wake mkongwe jirani kabisa. Ukivuka mpaka wa mashariki wa Simiyu unaingia mkoa wa Arusha, na huko Ngorongoro kuna Laetoli, ambako mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo zilizoachwa kwenye majivu ya volkano. Zina umri wa miaka milioni 3.6. Miguu miwili, nyonga mbili, bila mkongojo!

Haya, sasa twende chumba cha upasuaji. Kichwa cha mfupa wa paja ni mpira, na fupanyonga lina kikombe. Mpira unazunguka ndani ya kikombe. Vikiharibika, daktari hukata kichwa cha zamani, huweka kikombe kipya, kisha ndani ya uwazi wa mfupa wa paja, pale panapokaa uboho, hushindilia shina la chuma lenye urefu wa sentimita 11 hadi 18 hivi. Kichwa kipya hukaa juu ya shina hilo.

Je, wajua kuwa kichwa hicho hakifungwi kwa skrubu wala gundi? Shingo ya shina imechongwa ikawa nyembamba juu na nene chini, kichwa kinavalishwa, kinagongwa kidogo, basi kimeng'ang'ania. Ubunifu huo ni wa Stephen Morse, fundi vyuma wa Marekani wa karne ya 19, aliyetaka tu keekee zake zisichomoke kwenye mashine. Fundi wa kukereza vyuma hapo Bariadi anaujua mwinamo wa Morse vizuri kuliko wewe na mimi.

Sasa weka kahawa chini, maana hii inamwagisha watu. Nyonga bandia za kwanza kabisa zilichongwa kwa pembe za ndovu! Themistocles Glück, daktari wa Berlin, alifanya hivyo karibu na mwaka 1890, akijaribu kuwasaidia watu ambao viungo vyao vimeliwa na kifua kikuu. Vidonda vikaoza, kazi ikaharibika. Miaka ileile, pembe za bara zilikuwa zikipita Tabora na Bagamoyo kwenda Zanzibar, na kutoka hapo kwenda Ulaya.

Ungedhani habari ya pembe iliishia hapo. Wapi! Mwaka 1960, mjini Mandalay huko Burma, Dakta San Baw alimwekea mtawa wa Kibudha wa miaka 83 kichwa cha paja cha pembe ya ndovu, na mtawa akatembea. Aliendelea hivyo hadi kupita wagonjwa 300, wa miaka 24 hadi 87, na mwaka 1969 akaenda kuwasimulia madaktari wa mifupa wa Uingereza. Wagonjwa wake walichuchumaa, wakaendesha baiskeli, wengine wakacheza mpira. Kubwa zaidi: aliona mfupa wa mtu ukishikana na pembe yenyewe, bila kitu kati yake.

Nakuona unatazama upande wa Pori la Akiba la Maswa. Acha mara moja. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku mwaka 1989, na tembo wale wanazihitaji nyonga zao na meno yao pia.

Kioo je? Ndiyo, kioo! Mwaka 1923, Marius Smith-Petersen wa Boston alivalisha vichwa vya mapaja vikofia vya kioo, baada ya kuona kipande cha kioo kilichokaa mgongoni mwa mgonjwa kimezungukwa na utando laini. Wazo zuri, ila kumbuka zile kilo 522. Vikapasuka.

Plastiki nayo ilijaribiwa. Ndugu wawili wa Paris, akina Judet, walitengeneza vichwa vya akriliki katika miaka ya 1940. Mgonjwa mmoja nyonga yake ililia kwa sauti kila alipoinama mezani, hata mkewe akawa anatoka chumbani. Kisa hicho kilimfikia daktari mmoja wa Uingereza aitwaye John Charnley, naye akakosa usingizi kwa kuwaza: kwa nini inalia?

Huyu Charnley tukae naye kidogo, maana hadithi yake inapita shambani kwako. Alifanya kazi Hospitali ya Wrightington, karibu na mji wa Wigan, katikati ya nchi ya viwanda vya pamba ya Lancashire. Kwanza alitengeneza vikombe vya Tefloni, ile plastiki telezi. Wagonjwa karibu 300 waliwekewa, na karibu wote ikabidi warudiwe, kwa sababu Tefloni ililika haraka na unga wake ukachokoza mwili. Ili kuthibitisha kwamba tatizo ni unga huo, Charnley alijidunga Tefloni kwenye paja lake mwenyewe. Mtu wa namna hiyo unamfanyaje?

Mei 1962 akaja mchuuzi hospitalini na kipande cha plastiki mpya ngumu. Ilikuwa ikitengenezewa gia za mitambo ya kufuma nguo kwenye viwanda vya Lancashire. Charnley aliikwaruza kwa ukucha, akaona haifai, akasafiri kwenda Copenhagen. Fundi wake, Harry Craven, hakuitupa: aliifunga kwenye mashine ya kupima ulikaji, akaiacha izunguke. Baada ya wiki 3 ilikuwa imelika kidogo kuliko Tefloni ilivyolika kwa saa 24! Novemba mwaka huohuo ikaingia kwenye mwili wa mgonjwa, na hadi leo wajukuu wa plastiki hiyo ndio wanaotandazwa ndani ya vikombe vingi vya nyonga duniani.

Umeipata? Mkoa unaoongoza kwa pamba Tanzania ni Simiyu. Na plastiki iliyookoa nyonga za dunia ilitoka kwenye mitambo ya pamba.

Charnley huyohuyo aliwaomba wagonjwa wake kibali: ukifa, nirudishie nyonga yangu niichunguze. Wengi walikubali. Aliona pia kuwa hewa ya chumba inaleta vijidudu, akajenga kibanda cha hewa safi ndani ya thieta. Maambukizi yakashuka kutoka takriban wagonjwa 7 hadi 9 kwa 100 hadi chini ya 1.

Shina lake alilishika kwa saruji. Usifikirie mfuko wa Twiga! Saruji ya mifupa ni akriliki, ndugu wa ile inayotengeneza ufizi wa meno bandia, na aliyempa Charnley dokezo ni Dennis Smith, mtaalamu wa vifaa vya meno wa Manchester. Inakorogwa pale pale mezani, inakauka kwa dakika kama 10, na ikikauka inapata moto. Wala haigandishi kitu: kazi yake ni kujaza nafasi na kubana.

Basi kuna kundi la madaktari lililouliza swali la kichokozi. Kwani mfupa, kiumbe hai, hauwezi kukishika chuma wenyewe?

Jibu la kwanza lilitoka kwa Austin Moore wa South Carolina. Mwaka 1940, yeye na Harold Bohlman walimwekea mgonjwa mwenye uvimbe kipande cha chuma badala ya sehemu ya juu ya paja, na katika miaka ya 1950 Moore akatoa shina lenye madirisha. Madirisha hasa, matundu makubwa, ili mfupa uote kupitia humo na kulifunga shina kwa ndani. Bila saruji hata kijiko! Shina la Austin Moore bado linajulikana sana katika hospitali za Afrika Mashariki, hasa kwa bibi au babu aliyevunjika shingo ya paja.

Jibu la pili lilitoka kwa sungura. Mwaka 1952, Per-Ingvar Brånemark wa Lund, Sweden, aliweka vijichuma vya titani ndani ya mguu wa sungura ili atazame damu inavyopita kwenye mfupa. Alipotaka kuvitoa, havitoki! Mfupa ulikuwa umevishika. Alikuwa anatafuta habari za damu, akaondoka na siri ya meno ya kupandikiza na nusu ya siri ya nyonga.

Titani hiyo unaijua ilipo? Katika pwani ya Kenya, huko Kwale, mchanga wenye madini ya titani ulichimbwa tangu 2013 hadi 2024 na kupakiwa melini Mombasa. Ila usijidanganye: sehemu kubwa mno ya madini ya titani duniani huishia kuwa rangi nyeupe ya kupaka. Ukuta wa ofisi yako huenda una titani nyingi kuliko paja la mtu yeyote.

Halafu akaja Ronald Furlong wa London. Mwaka 1985 aliweka shina lililopakwa haidroksiapataiti, madini yaleyale yanayoufanya mfupa na jino kuwa mgumu. Mfupa ukakutana na chuma kilichovaa nguo za nyumbani, ukakipokea.

Shika hii sasa. Madini hayo ni ya ukoo wa apataiti, na mkulima wa Tanzania huenda amewahi kumwaga binamu yake shambani! Mbolea ya Minjingu, inayochimbwa mkoani Manyara, ni fosfati ya ukoo huohuo, na ilitokana na mabaki ya ndege wala samaki waliotua kwa makundi kando ya ziwa la kale. Kinyesi cha mnandi kule, nyonga ya mtu huku.

Tabaka la namna hiyo lina unene gani? Kwenye shina moja maarufu lililobuniwa Ufaransa mwaka 1986, ni mikroni 155. Yaani milimita moja imegawanywa kwa 1,000, ukachukua vipande 155.

Mashina mengine hayapakwi madini, yanaachwa na vitundu. Vitundu vikiwa vya mikroni 100 hadi 400, mfupa unaingia. Gérald Lord wa Ufaransa alitoa lake mwaka 1974 likiwa na uso wa vijipele kama tumbawe, na ukilishika mkononi linakwaruza.

Lakini sharti lipo, na ni kali ajabu. Katika wiki za mwanzo shina likicheza chini ya mikroni 40 hivi, mfupa unaota na kulishika. Likicheza zaidi ya mikroni 150, kinaota kitu kingine kabisa: utando laini, na shina litalegea maisha yake yote. Unywele wako una unene wa mikroni 70 hivi. Ndiyo kusema, shina linaruhusiwa kucheza kwa karibu nusu ya unywele!

Sasa linazuiwaje lisicheze, na mfupa bado haujaota? Hapa ndipo mkulima anampita profesa. Umewahi kukaza mpini wa jembe? Mpini umechongwa ukawa mnene upande mmoja, unapitishwa kwenye tundu la jembe, unagongwa, na kila unapolima unazidi kukaza. Shina lisilo na saruji ni hivyohivyo: jembamba chini, nene juu, limepita ukubwa wa tundu kwa kiasi kidogo sana, na kila hatua ya mgonjwa inalisukuma likaze. Wacheza Bugobogobo wanaorusha majembe juu wakiwa wanaruka wanaiamini kanuni hiyo bila kuulizwa.

Twende karibu na meza. Kwenye trei zimepangwa tupa kwa namba, nyembamba hadi nene, kila moja na meno yake. Daktari anaingiza ya chini kabisa, anagonga kwa nyundo, anaichomoa, anaingiza inayofuata. Meno ya tupa nyingi hizi hayakusudiwi kukwangua mfupa na kuutoa; yanaushindilia ule mfupa wa sponji pembeni, uwe ukuta. Haraka haina nafasi hapa.

Na masikio yana kazi! Tupa ikiwa bado na nafasi, nyundo inatoa mlio bubu: du, du. Ikifika kwenye mfupa mgumu mlio unabadilika, unakuwa mkali: ti! Daktari mzoefu anausikia, na mkono wake unapunguza nguvu kabla hajasema neno. Watafiti wamefikia hatua ya kuweka vipaza sauti thieta ili kompyuta nazo zijifunze kusikiliza.

Kwa nini apunguze nguvu? Kwa sababu mpini ukiulazimisha sana unapasua. Hospitali ya Mayo ya Marekani ilipitia upasuaji wa nyonga 32,644 na kuchapisha hesabu mwaka 2016: kwa mashina yasiyo na saruji, mfupa ulipasuka mezani kwa wagonjwa 3 kati ya 100. Kwa yenye saruji, haikufika hata mmoja. Ufa ukionekana mapema, daktari anazungusha waya wa chuma kwenye paja, anaukaza, kazi inaendelea.

Daktari hajui namba ya shina kwa kubahatisha. Hulipima kwenye picha ya eksirei kabla ya siku ya kazi, na kwa kuwa picha hiyo hukuza vitu kwa asilimia 15 hadi 20, huwekwa kitu chenye ukubwa unaojulikana kando ya paja kiwe kipimo. Mara nyingi ni kijipira cha chuma. Pengine ni sarafu tu!

Je, wajua kuwa mfupa unaweza kuzembea? Julius Wolff wa Berlin aliandika mwaka 1892 kuwa mfupa hujijenga pale unapobeba mzigo na kujipunguza pale usipobeba. Titani ni kaidi mara 5 au 6 kuliko mfupa, na mchanganyiko wa kobalti na kromiamu hupita mara 10. Shina kaidi likibeba mzigo wote, mfupa wa juu unajikuta hauna kazi, unakonda. Ndiyo maana wachongaji wa mashina wengi wanaipenda titani.

Sasa tuje nyumbani, na hapa nitakaa kidogo. Ulaya anayebadilishwa nyonga kwa kawaida ni mzee ambaye gegedu limelika. Kwetu mara nyingi ni kijana! Sababu moja kubwa ni selimundu, ile tunayoiita siko seli. Chembe za damu zinajikunja, zinaziba vimishipa vyembamba vinavyolisha kichwa cha paja, na kichwa kinakufa kingali ndani ya mwili wa mtu aliye hai.

Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya 10,000 wenye selimundu kila mwaka, miongoni mwa idadi kubwa kabisa duniani. Na Kanda ya Ziwa ndiyo kitovu: watoto wachanga walipopimwa katika mikoa ya kaskazini magharibi, takriban 1 kati ya 5 alikuwa na kinasaba kimoja cha urithi huo. Aliye nacho kimoja tu haumwi. Tena kinampunguzia hatari ya kuuawa na malaria. Vikikutana viwili, baba kimoja na mama kimoja, ndipo shida.

Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani wa mwaka 1991 ulikadiria kuwa kwa selimundu ya aina kali, takriban nusu ya wagonjwa vichwa vya mapaja huwa vimekufa wakifika miaka 35. Miaka 35! Umri wa kubeba mtoto begani kwenda kliniki.

Mapaja ya vijana hawa humtoa daktari jasho. Uwazi wa ndani unakuwa umezibwa na mfupa mgumu mithili ya jiwe, tupa hazipiti, na akikosea mwelekeo anatoboa ubavu wa mfupa. Saruji nayo kwao imekuwa na sifa mbaya ya kulegea, hivyo mabingwa wengi siku hizi huchagua shina lisilo na saruji. Kijana ana miaka 40 au 50 mbele yake, na mfupa ulioshika wenyewe ndio wenye subira hiyo.

Selimundu haiko peke yake. Pombe nyingi nayo huua kichwa cha paja, na dawa za steroidi zikitumika kwa wingi na muda mrefu hufanya hivyohivyo. Wa gongo umesikia?

Mgonjwa wa Bariadi huanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Nyaumata, na kazi kubwa za mifupa hupelekwa Bugando, Mwanza. Njia ni ya lami: kipande cha Bariadi hadi Lamadi kina kilomita 71.8, na mwenye nyonga inayouma anaweza kukuhesabia tuta moja moja. Bugando ilifunguliwa 1971, mwaka uleule na KCMC ya Moshi. Dar es Salaam kuna MOI, taasisi ya mifupa iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996.

Na ni nani Afrika Mashariki na Kusini aliyeanza mapema kuandika kila nyonga bandia kwenye daftari la taifa? Malawi! Tangu 2005. Sweden ilianza 1979, na Uingereza na Wales 2003, kwa hiyo Wamalawi waliwafuata Waingereza kwa miaka 2 tu. Nchi iliyo ng'ambo ya ziwa letu jingine, hiyo.

Ukitoka thieta utalala miezi? Hata kidogo. Wengi husimamishwa ndani ya siku moja au mbili, wakiwa na magongo, ingawa mfupa huchukua wiki 6 hadi 12 kuota na kulishika shina. Adui mkubwa wa wiki hizo si kutembea.

Ni kigoda! Kile kigoda kifupi cha Kisukuma, cha kukalia jikoni ukimenya viazi vya michembe, kinalipandisha goti juu ya nyonga, na nyonga mpya inaweza kuchomoka kwenye kikombe. Wengi huambiwa wasikunje zaidi ya nyuzi 90 kwa wiki kama 6 za kwanza. Choo cha kuchuchumaa nacho kinasubiri: fundi seremala anatoboa kiti kirefu katikati, kinawekwa juu ya tundu, na heshima ya mzee inabaki palepale.

Inadumu miaka mingapi? Watafiti wa Uingereza walikusanya takwimu za nchi kadhaa na kuchapisha mwaka 2019: nyonga bandia 58 kati ya 100 zilikuwa bado zinafanya kazi baada ya miaka 25. Hizo ni za teknolojia ya robo karne iliyopita.

Hii itakuchekesha. Marekani, zaidi ya mashina 9 kati ya 10 huwekwa bila saruji. Sweden kwa miaka mingi wameipenda saruji, na matokeo yao ni mazuri mno. Tena madaftari yanasema kwamba kwa wazee wa zaidi ya miaka 75, mwenye saruji harudi mezani mara nyingi kama mwenzake. Mimi naupenda mpini wa jembe, lakini bibi wa miaka 80 mwenye mfupa mwepesi nisingemgongea nyundo.

Mama yake Malkia Elizabeth wa Uingereza alibadilishwa nyonga akiwa na miaka 95, akabadilishwa ya pili akiwa na 97, akaishi hadi 101. Pelé naye alibadilishwa mwaka 2012. Andy Murray alivalishwa kofia ya chuma kwenye kichwa cha paja Januari 2019, na Oktoba akabeba kombe la tenisi Antwerp!

Bo Jackson, mwanamichezo wa Marekani, nyonga ilimchomoka uwanjani mwaka 1991, kichwa cha paja kikafa. Akawekewa bandia, akarudi kwenye besiboli 1993. Zamu yake ya kwanza kabisa ya kupiga kwenye ligi, Aprili mwaka huo, aliupeleka mpira nje ya uwanja.

Ukiwa na nyonga ya chuma, mlango wa ukaguzi wa uwanja wa ndege utapiga kelele. Tulia, eleza, onyesha kovu likibidi.

Mbwa nao hubadilishwa nyonga, na yapo mashina yao yasiyo na saruji, na tupa zake ndogo na nyundo yake. Na mwaka 2011, madaktari wa mifugo wa Leipzig, Ujerumani, walimbadilisha nyonga chui milia wa bustani ya wanyama ya Halle, wa kwanza duniani, kwa saa 3. Simba wa Serengeti, hapo mpakani kwetu, bado hawajaja Nyaumata kuchukua namba. Wakija, wewe uliyekaa mwisho wa benchi utawapisha.